Soksi ya kigutu: shajara ya fundi cherehani, Machi hadi Juni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kurasa ambazo hazina kazi. Jana usiku nilihesabu: tangu Januari nimekaa siku kumi na moja bila kuvaa mguu wangu wa bandia. Mguu wenyewe mzima, ngozi ndiyo iliyogoma. Yakipona malengelenge vinakuja vipele, vikipona vipele unakuja mchubuko, palepale chini ya pia ya goti. Siku kumi na moja za magongo ni nyingi kwa mtu anayekaa Mabatini, hapa Mwanza, juu ya mawe. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni ngazi tisini na nne, na kuna siku nimezihesabu kwa makalio.

Nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti mwaka 2019, ajali ya bodaboda. Mguu wa bandia nilionao sasa ni wa pili: soketi ya plastiki ngumu, ndani yake kikombe cha sponji, ndani ya sponji soksi, ndani ya soksi mimi. Nikitembea vizuri hunijui, mpaka unione napanda daladala.

Mradi ni kushona soksi za kigutu, yaani za kipande cha mguu kilichobaki. Kliniki walinipa nne, zimebaki mbili, na moja ina tundu. Cherehani yangu iko hatua chache kutoka mitumba ya Mlango Mmoja. Fundi kulilia soksi ni aibu.

Jumatano, 5 Machi

Kitambaa. Nataka pamba tupu, na lebo za mitumba nyingi zimeshakatwa, kwa hiyo nimefanya kama alivyonifundisha aliyenifunza kazi: chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na harufu yake ni ya karatasi, majivu ukiyafikicha yanapotea vidoleni. Polista hujikunja, ikayeyuka, ikaacha kishanga kigumu cheusi. Muuza fulana akaniuliza, "Dada, umekuja kununua au kuchoma soko?" Kati ya fulana sita, mbili tu ndizo pamba tupu.

Rangi ni nyeupe, basi. Najua inachafuka haraka, na ndiyo maana naitaka. Soksi nyeupe unaisoma: doa la njano au tone la damu utaliona jioni ileile, hata kama mchana hukusikia maumivu yoyote.

Ijumaa, 7 Machi

Ya kwanza imeisha. Nilipima mzingo wa kigutu sehemu tatu kama ninavyopima mkono wa shati: chini sentimita 24, katikati 28, juu 31. Nikapunguza kidogo ili ibane. Soksi iliyolegea hujikunja, na mkunjo ndani ya soketi ni kokoto ndani ya kiatu. Kitambaa nimekikata kivutike kuzunguka mguu, kisivutike kwenda juu na chini. Mshono mmoja ubavuni, mmoja chini. Imependeza, kama soksi ya kichanga cha jitu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano asubuhi nimeivua. Mshono wa chini umejichapa kwenye ngozi hata tundu za sindano unazihesabu. Juu ya kovu pana lengelenge kama punje ya mtama. Sikulitumbua. Siku mbili za magongo tena, na safari hii sina wa kumlaumu, niliyeshona ni mimi.

Ngozi ya unyayo iliumbwa kukanyagiwa, ni nene kama turubai. Hii ya kwangu inayobeba uzito leo ilikuwa ngozi ya ugoko, iliyoumbiwa kukaa ndani ya soksi ya shule na kung'atwa na mbu. Hakuna aliyeiuliza kama inaiweza kazi mpya. Kwa hiyo nisishangae inapolalamikia uzi.

Jumanne, 11 Machi

Ya pili. Nimeacha fulana. Nimepata soksi ndefu za kiume za mtumba, pamba (nimechoma uzi), jozi shilingi 1,500. Soksi hufumwa na mashine kama bomba, haina mshono ubavuni. Nikakata sehemu ya kisigino na unyayo, nikabaki na bomba tu, kwa hiyo mshono uliobaki ni ule wa kuziba chini. Huo nimeushona zigizaga bapa, nikaugeuzia nje ili upande laini ndio ulale kwenye ngozi, na nikausogeza nyuma kidogo, kwenye nyama ya kigimbi, mbali na kovu lililo mbele.

Ijumaa, 14 Machi

Kovu salama, siku tatu. Lakini wekundu wa chini ya pia ya goti uko vilevile, na limezuka jingine: vipele vinavyowasha, vimezunguka kigutu kama ukosi wa shati. Nawashwa mpaka nashindwa kutunga uzi.

Kwanza nikashuku kitambaa. Halafu nikashuku joto, maana sasa hivi mvua ikikatika mji unafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa, na ndani ya soketi jasho halina pa kwenda. Nikajaribu poda. Kufika mchana imegandamana na jasho, vijidonge vidogo vidogo, imekuwa msasa. Poda nimempa mtoto wa jirani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempata mwizi. Soksi iliyokuwa imefuliwa, imekauka, tayari kuvaliwa, nimeitumbukiza kwenye beseni la maji safi nikaikamua. Povu! Soksi "safi" imetoa povu la kunawia mikono.

Sababu naijua. Nafua kwa sabuni ya unga, na maji ya kwangu yanapandishwa mlimani kwa ndoo za kulipia, basi nasuuza kwa uchoyo. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi inalowana na jasho, kisha inakaa juu ya ngozi saa kumi na mbili, imefunikwa. Hata mkono wa dobi ungewasha.

Kuanzia leo: sabuni nyeupe ya kipande, kidogo, na kusuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kikombe cha sponji nacho kinapanguswa kila usiku kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kitambaa chenye maji matupu, kisha kinaachwa wazi mpaka asubuhi. Soksi naanika ndani, kwenye kamba juu ya kitanda. Nilikuwa naanika kwenye jiwe nyuma ya nyumba, linashika joto vizuri sana, lakini wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi walinigandia soksi nzima. Ukivaa soksi ya namna hiyo hutauliza vipele vimetoka wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Ukosi wa vipele umefifia. Niandike na habari ya mafuta, maana hii imenigombanisha na malezi yangu.

Sisi tumelelewa kwamba kupauka ni aibu. Mama alikuwa hakuruhusu utoke mlangoni bila mafuta ya mgando miguuni. Mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na mtu. Kwa hiyo miaka yote hii, kila asubuhi naoga, najipaka kigutu mafuta kikang'aa, ndipo navaa soksi na mguu. Najiona nimejitunza.

Yule dada wa kliniki aliwahi kunikataza, nikaitikia "sawa" ya heshima na nikaendelea. Sasa nimefanya majaribio. Wiki moja asubuhi sigusi maji wala mafuta kwenye kigutu, nakifuta tu kwa kitambaa kikavu. Naosha usiku, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, nasuuza, nakausha kwa kubonyeza taulo, sisugui. Mafuta napaka wakati huo, kidogo, mguu ukiwa umepumzika pembeni ya kitanda, hadi kukuche yameshanywewa. Mabadiliko nimeyaona siku ya tatu. Ngozi iliyolowa asubuhi huvimba kidogo, inakuwa laini na nyeupe kama vidole vya mfuaji nguo, na laini hiyo ndiyo inayonasa na kuchanika. Mafuta nayo yanafanya soksi iteleze, kila hatua kigutu kinapanda na kushuka ndani ya soketi.

Kwa hiyo mchana natembea nimepauka, ndani ya soketi ambako hata mama hawezi kuona.

Jumapili, 30 Machi

Juma zima sikuandika maneno, ni namba tu, kwa sababu kesho ni Idd na nimeshona kanzu na madera mpaka macho yanaona nyota. Kukagua nakagua hivi: navua, natega kioo kidogo chini ya kigutu (upande wa nyuma na wa chini huwezi kuuona bila kioo), naangalia saa, nahesabu dakika mpaka wekundu uishe. Ukiisha ndani ya dakika kumi, kumi na tano, huo ni wekundu wa kazi tu. Ukikaa zaidi, pana tatizo. Chini ya pia ya goti:

Jumatatu, saa nne asubuhi: dakika 8. Saa kumi jioni: dakika 40.
Jumanne: 10, na 35.
Jumatano: 8, na zaidi ya saa nzima. Siku hiyo nilikanyaga cherehani kwa miguu yote miwili.
Alhamisi: 9, na 30. Nimekanyaga kwa wa kulia peke yake.
Ijumaa na Jumamosi sikupima, wateja walikuwa wamesimama juu ya kichwa changu.

Kuhusu kukanyaga: kifundo cha mguu wa bandia hakikunjiki, kwa hiyo kila pedali inaposhuka, kinachocheza ni kigutu ndani ya soketi. Maelfu ya mara kwa siku. Wa kushoto sasa unapumzika kwenye kigoda. Lakini hilo halielezi Alhamisi. Kwa nini asubuhi ngozi ni nzima na jioni inaumwa, soksi ileile, mguu uleule?

Alhamisi, 3 Aprili

Kliniki. Dada mwenyewe kasomea Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981 pale hospitali ya KCMC, na ana tabia ya kukujibu kwa swali. Nimempa daftari. Kasoma ukurasa wa namba, kacheka kidogo.

"Asubuhi unavaa soksi ngapi?"

"Mbili."

"Na jioni?"

"Mbili hizohizo."

"Na kigutu chako, jioni ni hichohicho cha asubuhi?"

Nikanyamaza. Akachukua rangi ya mdomo kutoka kwenye mkoba wake, akapaka juu ya soksi mahali penye wekundu, akanivalisha, akanitembeza ukumbi mara mbili, akanivua. Ndani ya kikombe cha sponji alama imetokea chini ya mahali ilipotakiwa, karibu upana wa kidole. Ilikuwa saa tisa alasiri. Maana yake nilikuwa nimezama.

Ndivyo ilivyo: ukibanwa kutwa ndani ya soketi na kutembea, maji yaliyomo kwenye nyama yanasukumwa kurudi juu, kigutu kinapungua. Soketi haipungui. Kwa hiyo unadidimia, na uzito unaotakiwa kukaa kwenye kano nene iliyo chini ya pia unapanda kwenye ukingo wa pia yenyewe, na ncha ya mfupa inaanza kugonga chini. Dawa yake ni soksi moja nyembamba ya kuongeza mchana. Zikizidi nazo ni kosa, kigutu hakifiki chini, kinaning'inia, ncha yake inavimba.

Mwezi mzima nimekuwa nikitafuta soksi bora, kumbe tatizo ni idadi ya soksi. Fundi anayempunguzia mteja gauni alilokondea ndani yake alishindwa kuona kwamba yeye mwenyewe anakonda kila siku kabla ya alasiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Mradi umegeuka. Sishoni tena soksi ya kuvaa juu ya ngozi. Za kliniki zimefumwa bila mshono hata chini, siwezi kuzishinda, nimeomba mbili nyingine. Mimi nashona za kuongezea, nyembamba, zinazovaliwa juu ya ile ya kliniki. Mshono haugusi ngozi kabisa.

Ili nisichanganyikiwe, ukingo wa juu nazitia uzi wa rangi: bluu nyembamba, nyekundu nene. Zile za kliniki huhesabiwa kwa unene, ya 1, ya 3, ya 5, lakini namba zikifuliwa mara kumi zinafutika.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka ilikuwa jana. Juma la kushona la kufa mtu, sare za kwaya tatu. Saa saba mchana kila siku nimejifungia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nimevua, nimekausha jasho, nimebadili soksi iliyolowa, nimeongeza ya bluu moja. Dakika tano. Wekundu wa jioni: 12, 10, 15, 10, 12. Hakuna siku ya magongo.

Jumatano, 14 Mei

Habari zimetembea. Amekuja kijana mvuvi wa mwalo wa Igombe, amekatwa kama mimi, anataka za bluu nne. Nimemwambia avue nione. Kigutu kinang'aa kama embe, kimenyolewa kwa wembe, na kina majipu mawili.

"Nywele zinaleta jasho, mama."

Nywele hazileti jasho. Ukizinyoa zinarudi zimechongoka, soketi inazisukuma zigeuke ndani ya ngozi, ndipo jipu linapoota. Nimemwambia aache wembe na aende hospitali na yale majipu, asivae mpaka yakauke. Pia anaingia ziwani na mguu kusukuma mtumbwi, mchanga unabaki ndani ya soksi, halafu anatembea nao hadi nyumbani. Na jioni anakiosha kigutu hapohapo ufukweni, kwenye maji yaliyotulia karibu na majani, ambako konokono wa kichocho ndiko wanakokaa. Nimemsihi atumie maji ya ndoo. Amenitazama kama wavuvi wanavyotutazama watu wa nchi kavu. Soksi nimemshonea, lakini nimemwambia atazichukua majipu yakipona.

Jumanne, 27 Mei

Leo nimemkatalia mzee.

Ni mteja wangu wa suruali wa siku nyingi, ana sukari, alikatwa mwaka jana. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, nimesikia unashona soksi." Akavua pale pale kwenye benchi. Ubavuni pana kidonda upana wa shilingi, chekundu kibichi, na soksi imegandia. Nikamuuliza kinauma kiasi gani. Akauliza, "Kipi?"

Nimepoa mwili mzima. Mimi shajara yangu yote imesimama juu ya kusikia: kinawasha, kinachoma, kinabana. Yeye kigutu chake hakimwambii kitu. Mtu wa namna hiyo simshonei chochote chenye mshono, uwe wa ndani au wa nje. Nimemfunga kidonda kwa kitambaa kisafi, nimemwambia leo hii aende kliniki, na mguu aubebe mkononi, asiuvae. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Ungesema tu hutaki pesa yangu." Nimempakia bajaji. Jioni sikushona.

Jumamosi, 7 Juni

Kijana wa Igombe kazichukua soksi zake. Majipu yamepona, nywele zimeanza kurudi. Kaniletea sato mmoja mkubwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Sengerema kwenye msiba, tumepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa juzi tarehe 19. Karibu kilomita tatu, dakika chache tu. Zamani tulisubiri kivuko, na kusubiri kwenyewe nilikusubiri nimesimama.

Jipya nililolipata: kukaa garini muda mrefu goti likiwa limekunjwa, ukingo wa nyuma wa soketi unakata nyama ya nyuma ya goti. Wakati wa kurudi niliuvua mguu nikaupakata chini ya kanga. Mtoto wa kiti cha mbele aligeuka akaukuta unamwangalia. Hakugeuka tena mpaka Buhongwa.

Jumatano, 25 Juni

Mzee karudi. Nimemsikia gongo kabla sijamwona, nikadhani kaja kunisema. Kakaa benchi ileile, kavua mguu, kanionyesha: kidonda kimefunga, ngozi changa ya rangi ya waridi. Kliniki wamemtanua soketi ubavuni na wamempa soksi tano nzito zisizo na mshono. Kila usiku mjukuu wake wa darasa la tano anamshikia kioo na kumsomea anachokiona, kama redio.

Tatizo lake ni kwamba soksi zinachanganyika na za mtu mwingine kliniki wakati wa kufunga vidonda, anataka nizitie alama. Nimechukua uzi wa kijani, ambao sijampa mtu mwingine, nimeshona herufi zake mbili kwenye ukingo wa juu kabisa, ule unaokaa nje ya soketi. Kazichunguza moja moja kwa ncha ya kidole, ndani na nje, akitafuta fundo.

"Hapa?"

"Hapo ni nje, mzee. Haligusi."

Kazigeuza zote tano, kahakikisha, ndipo akauliza bei.